Mti wa Oswald Umepigwa na Sakitu

Usitafute kibao. Ukishuka stesheni ya Kilosa ukaifuata njia ya kwenda Mabwerebwere, utaona taruma la reli, lile la mbao, limelazwa juu ya mawe mawili, na juu yake wamekaa watu wazima wanabishana. Hicho ndicho kijiwe cha Mwinshehe muuza kahawa. Taruma lilifikaje pale ni habari ndefu, na Lupakisyo aliyelileta huisimulia kila mara kivyake, inategemea anayeuliza ni nani. Hapo watu wanakunywa kahawa chungu, wanatafuna kashata, na wanaongopa mpaka mwili unapata joto. Uliza njia, utaonyeshwa, na anayekuonyesha huenda hata huko hajawahi kufika. Uliza dawa ya jino, utatoka na dawa za kutosha kuua ng'ombe. Neno moja tu lilikuwa halijatamkwa juu ya taruma lile tangu lilazwe, nalo ni "sijui". Basi asubuhi hiyo, kipupwe cha mwaka sabini na tano, watu wengi wameshahamia vijiji vya ujamaa na wengine bado hawajaelewa kama wamehama au wamehamishwa, Mwinshehe alikuwa amejitanda shuka juu ya kanzu, anapuliza mkaa na kuilaani baridi kwa jina lake.

Damiano akatokea upande wa soko, gunia bichi begani, maji yanamchuruzika mgongoni mpaka kwenye kaptula. Alikuwa ametoka mlimani, juu kabisa ya Lumuma, kwake kwa zamani. Ameshuka kwa miguu, akadandia lori la vitunguu, na aliposhushwa mjini hakwenda nyumbani. Nyumbani wapi? Nyumbani kwake sasa ni kule upande wa Chanzuru, katika mstari wa nyumba mpya zilizofanana zote, na ndani ya hiyo yake hamna hata wa kumwambia pole ya safari. Akaona bora aje kijiweni kwanza. Angalau huku watamtukana.

Kijiweni walimwita Sakitu. Jina alilipata siku ya kwanza tu, alipowaeleza kwamba kwao, kipupwe kikikaza, umande unaganda usiku juu ya majani, asubuhi unaukuta mweupe kama chumvi, na huo ndio sakitu. Mwinshehe, mtu wa bondeni tangu babu wa babu yake, alicheka mpaka akamwaga kahawa ya watu. Ati umande ugande! Tangu hapo basi, Sakitu.

— Mzee Sakitu, shikamoo! Umembeba nani humo?

Huyo alikuwa Simoni, fundi cherehani, mdogo kuliko wenzake, waliyemwita Redio kwa sababu hakuna jambo ambalo hajalisikia redioni, hata lile ambalo redio haijalisema.

— Marahaba. Funga mdomo wako, nisaidie kutua.

Wakalitua gunia taratibu. Damiano akapiga magoti, akafungua kamba. Ndani mlikuwa na kichaka, kimo chake kinamfikia mtu kiunoni, matawi yamekatwakatwa, mizizi imefungwa kwa maganda ya migomba yaliyoloweshwa maji. Majani yote yalikuwa meusi, yamejikunja, kama yaliyopitiwa na moto.

— Inna lillahi, akasema Mwinshehe.

— Haujafa, akasema Damiano.

— Mimi sijasema umekufa. Nimesema inna lillahi.

— Umeungua, akasema Simoni.

— Haujaungua. Umepigwa na sakitu.

Hapo Lupakisyo akaweka kikombe chini. Lupakisyo walimwita Taruma. Alikuwa gangi wa reli, wale wanaotengeneza njia ya treni, na baba yake alikuwa gangi wa reli, aliyeletwa na kazi hiyo kutoka Tukuyu enzi za mkoloni. Yeye mwenyewe Tukuyu hajawahi kufika, ila kwa habari za baridi humwambii kitu.

— Hebu ngoja, bwana Damiano. Umeuchimbua na sakitu yake juu?

— Ndiyo.

— Jua halijatoka?

— Halijatoka.

— We mzee una akili kweli? Kwetu Tukuyu hata mtoto anajua. Mti wenye sakitu hauguswi. Unauacha jua liunyanyulie umande wake polepole. Ukiutikisa, unavunjika ndani kwa ndani.

Na hilo ndilo lililomuuma Damiano, maana kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane Lupakisyo alikuwa amesema kweli. Alilijua hilo tangu utoto. Alikuwa amesimama pale nyuma ya jiko lililobomoka, majani yanametameta meupe, pumzi yake inatoka kama moshi, akajiambia ngoja, Damiano, ngoja jua. Na lori la vitunguu halingojei jua.

— Ningechelewa lori, akasema. Na kuubeba kwa miguu mpaka Kilosa nisingeweza.

— Na udongo?

— Juu mgumu kama ukoko wa ugali. Jembe lilikuwa linalia. Chini laini. Nilitaka kuutoa na bonge lake, bonge likapasuka, mizizi ikabaki uchi.

— Si ungengoja masika? akauliza Mwinshehe. Mvua ikinyesha hata fimbo ya kuchungia inachipua.

— Masika mti haupo, Mwinshehe. Nyasi zimefika mlangoni. Sasa hivi kiangazi kikishika, wawindaji wanawasha moto bondeni, unapanda mlima. Zamani tulikuwa tunautokea wote na matawi, tunauzima. Sasa atauzima nani? Kule hakuna mtu. Nimelala huko, hata mbwa sikumsikia.

Mwinshehe akammiminia kahawa bila kuombwa. Damiano akaishika kwa mikono miwili, akahisi joto likimpanda mpaka kwenye viwiko. Mtu akikaa peke yake muda mrefu, hata kikombe cha kahawa kinamliza.

— Sasa mti wenyewe ni wa nini? akauliza Simoni. Matunda?

— Hauzai.

— Dawa?

— Si dawa.

— Kuni?

— Simoni, wewe ulizaliwa hivi au ni cherehani?

Ikabidi awaeleze. Kwao mlimani, mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka, mama anakifukia nyuma ya jiko na juu yake anapanda kichaka. Kila mtoto na chake. Wanakiita mti wa mtoto. Ni mambo ya akina mama hayo, baba hayamhusu, kazi ya baba ni kufukuza mbuzi tu. Kijana akikua, akileta mchumba nyumbani, ndiyo siku mama anawashika mikono wote wawili anawapeleka nyuma ya jiko. Damiano na mkewe Filomena walipata mtoto mmoja, wakamwita Oswald, na huu ndio mti wake.

— Yule aliyekwenda Kidatu, akasema Mwinshehe.

— Yule.

Habari za Oswald kijiwe kizima kilizijua. Alikwenda Kidatu kujenga bwawa. Kazi ilipopungua, mtu mmoja akasema amemwona Mikumi kwenye barabara kuu, anamwaga lami. Baada ya hapo kimya. Nyuma yake mama yake akaugua masika, akafa, akazikwa, na mtoto hana habari. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini, nyumba za mlimani zikabomolewa, Damiano akashuka na godoro na jembe na picha ya Bikira Maria. Ndiyo maana kila siku ya treni anapopata ruhusa utamwona pale kwenye taruma, anakunywa kahawa moja kwa muda mrefu, anatazama wanaoshuka.

— Sasa nisikilizeni, akasema Damiano. Mwinshehe, nina ombi.

— Sema.

— Nataka niupande hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa, ubavuni pa taruma. Siku za shamba la kijiji sina ruhusa ya kuja. Treni inapita, mimi niko na jembe kule. Na nyumba zetu ziko mstari mmoja, zote sawa, mimi mwenyewe nikitoka kwenye pombe naingia kwa jirani. Oswald atanijulia wapi? Na kikohozi cha kifua hiki nacho mnakisikia. Lakini akishuka hapa akauona mti wake, atajua watu wake wako karibu. Atauliza. Nyinyi mtamleta.

Alilisema kwa haraka, macho chini, akiogopa wasije wakacheka. Alikuwa amelifikiria usiku kucha kule mlimani, amejikunyata ndani ya kuta zisizo na paa. Akikataliwa hapa hakuwa na pengine pa kuupeleka.

Mwinshehe akakuna kidevu.

— Pale ndipo ninapomwaga masimbi ya kahawa.

— Nitakuhamishia masimbi.

— Na balozi wa nyumba kumi akiuliza?

— Mwambie ni kilimo, akadakia Simoni. Redio kila siku inasema lima, lima, lima. Nani atakukamata kwa kulima?

— Basi bismillahi, akasema Mwinshehe. Panda. Ila ukizaa nyoka, sitaki kesi.

Hapo sasa ndipo kijiwe kilipochangamka, maana kupanda ni jambo moja na kupanda namna gani ni jambo jingine, na mtu asipokuwa na neno la kuongeza angekuja kijiweni kufanya nini? Lupakisyo akaenda kwenye kibanda cha reli, akarudi na sururu. Akaipiga ardhi. Sururu ikaruka. Udongo wa stesheni ni kokoto na majivu ya makaa ya treni za zamani, umekanyagwa tangu Mjerumani.

— Huu nao una sakitu, akasema Simoni.

— Huu una ukaidi, akasema Lupakisyo. Sikilizeni. Kabla ya shimo, lazima tuitoe ile baridi ndani ya mizizi. Sakitu haikai kwenye majani tu. Inashuka inajificha chini. Kwetu Tukuyu wanamwagia kitu cha moto.

— Kitu gani?

— Kahawa.

— Kahawa yangu? Mwinshehe akalikumbatia dele lake la kahawa. Mti unywe kahawa, wateja wanywe nini?

— Kikombe kimoja tu. Cha dawa.

— Lupakisyo, wewe Tukuyu umekwenda lini?

— Damu yangu inatoka huko!

— Basi mwagia damu.

Damiano alicheka. Alijisikia akicheka, akashangaa mwenyewe, kwani alidhani kicheko kilibaki kule juu na vyombo vilivyovunjika. Akaushika mti usianguke, akawaacha wabishane. Kule mlimani jana yake alikuwa ameusemesha huo mti kwa sauti, ameuambia twende zetu, na sauti yake ikarudi kutoka upande wa pili wa bonde ikamtisha. Hapa hakuna kinachorudi, kila neno linadakwa na mtu.

— Mnapoteza wakati na mizizi, akasema Simoni. Sakitu yenyewe imetoka wapi? Mmejiuliza?

— Mbinguni, akasema Mwinshehe.

— Mbinguni! Mzee, hii ni kazi ya mabeberu. Nimesikia kwa masikio yangu. Wana mitambo kule kwao ya kutengeneza baridi. Wameona watu tumehamia vijijini, tunataka kulima pamoja, wakasema hawa tuwagandishie umande.

— Redioni?

— Taarifa ya habari.

— Na kwa nini waigandishe Lumuma na wasiigandishe Kilosa?

— Wamekosea shabaha.

— Hakuna cha mabeberu, akasema Lupakisyo, na akapumzika juu ya mpini wa sururu kama mwalimu. Baridi inasafiri kwa reli. Chuma ndicho kinachoibeba. Mwaka mmoja, nilikuwa Gulwe, baridi ilishika mpaka reli ikasinyaa. Inasinyaa chuma hicho, inasinyaa, tukaona stesheni ya Kidete inasogea.

— Inasogea!

— Kwa macho yangu haya. Stesheni masta kaingia ofisini Kidete, katoka yuko Gulwe.

— Na mkewe?

— Mkewe alibaki Kidete. Ndiyo kesi iliyomwachisha kazi.

Mwinshehe hakucheka. Alikuwa anautazama mti kwa jicho la wasiwasi.

— Mimi naogopa kitu kingine, akasema. Mnasema sakitu imejificha kwenye mizizi. Sasa tukiupanda hapa, si itatoka? Itaingia ardhini mwetu. Leo kwenye taruma, kesho sokoni, kesho kutwa Kilosa nzima imeganda. Mto Mkondoa umesimama. Watu watauliza imetokea wapi, wataambiwa kwa Mwinshehe muuza kahawa.

— Basi wateja watazidi, akasema Simoni.

Mwinshehe akalifikiria hilo, akaona lina maana. Akachukua jembe la Damiano akaanza kuhamisha masimbi mwenyewe.

Wakachimba kwa zamu. Lupakisyo anavunja kwa sururu, Damiano anatoa udongo kwa jembe, Simoni anatoa maoni. Shimo likafika magotini. Chini ya kokoto wakakuta udongo mwekundu, wenye unyevu kidogo, na Damiano akauchukua mkononi, akaubonyeza, akaunusa. Haukuwa udongo wao. Wa mlimani ni mweusi na una harufu ya majani. Lakini ulishikana, haukumwagika, akasema moyoni labda.

Akakwaruza shina kwa ukucha. Juu, kavu. Akashuka chini kidogo, akakwaruza tena. Kavu. Akashuka mpaka karibu na mizizi, na pale chini ya ganda akaona kijani, kidogo sana. Hakuwaonyesha wenzake. Aliogopa wataanza kubishana nacho.

Ndipo akafika mwanamke mmoja, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, mkononi kikapu chenye kuku wawili wanaochungulia.

— Hodi hapa. Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu.

— Starehe. Treni ya Kidatu imeshapita?

— Bado, akasema Lupakisyo. Ikikaribia nitaisikia miguuni.

Mwanamke akaketi mwisho wa taruma, akaomba kikombe cha kahawa. Akasema anaitwa Letisia, anakwenda Mikumi, dada yake amejifungua. Aliposikia Mikumi, Damiano akaacha kuchimba. Simoni akamsimulia mgeni habari yote pasipo kuulizwa: mlima, sakitu, lori la vitunguu, kitovu, mama aliyefariki, Oswald na lami yake, na mti utakaomwonyesha njia. Aliisimulia vizuri, Mungu ambariki, hata mabeberu aliwaacha nje. Letisia alisikiliza, kikombe hakijafika mdomoni. Akautazama mti. Akamtazama Damiano aliyesimama ndani ya shimo na jembe lake.

— Poleni sana, baba.

— Tumeshapoa.

— Sasa, samahani. Huyo kaka, mti wenyewe anaujua?

— Ni mti wake, akasema Simoni.

— Nimesikia. Nauliza kama anaujua. Mmesema mama ndiye anayeonyesha, siku ya mchumba. Yeye aliondoka kabla hajaleta mchumba. Na mama ndiyo hivyo tena. Alionyeshwa na nani?

Lupakisyo akafungua mdomo. Tukuyu nzima ilikuwa mlangoni inataka kutoka, lakini haikutoka. Akaufunga. Simoni akaitazama anga kama mtu anayetafuta mawimbi, asipate stesheni yoyote. Mwinshehe akashughulika na mkaa usiohitaji kushughulikiwa.

Damiano akasimama pale ndani ya shimo. Jambo hilo hakulifikiria hata mara moja. Usiku wote ule mlimani alikuwa anawaza moto, anawaza lori, anawaza mizizi, na kila alipouwaza mti alimwona Oswald akishuka kwenye treni, anasimama, anautambua, anaita baba. Yeye aliujua kwa sababu alimwona Filomena akiupanda, bado anatembea kwa shida ya uzazi. Mtoto angeujulia wapi? Nyuma ya jiko kulikuwa na vichaka vingi.

Akajaribu kukumbuka. Siku moja Oswald, mdogo bado, alivunja tawi la huo mti akamchapie mbuzi. Filomena alitoka jikoni na mwiko, akamchapa huku yeye mwenyewe analia. Mtoto akauliza kwa nini, mama, kwani ni nini? Mama yake akamwambia utajua siku yako. Damiano alikuwa amekaa pale pale, ananoa panga. Angeweza kusema. Lakini hayakuwa ya kwake kusema, yalikuwa ya mama. Je, mtoto anakumbuka tawi alilochapwa kwa ajili yake? Au anakumbuka mwiko tu?

— Sijui, mama, akasema Damiano.

Taruma lilikuwa limebeba uongo wa kila namna bila kulalamika, na neno hilo dogo likawakalia wote mabegani. Mwinshehe akainua dele ili amwongezee Damiano, likatoa matone mawili na masimbi. Kahawa imekwisha.

— Inakuja, akasema Lupakisyo kwa sauti ya chini.

Treni ikaja. Damiano akatoka shimoni, akaenda kusimama pale anaposimama siku zote, karibu na bomba la maji, akamwangalia kila anayeshuka. Akashuka polisi mmoja na mkewe, wakashuka wanawake wenye mafurushi ya miwa, akashuka kijana mwenye kofia aliyemfanya moyo uruke, akageuka, si yeye. Letisia alipanda na kuku wake, akatoa kichwa dirishani.

— Baba! Mikumi nitauliza. Nikimpata nimwambieje?

Damiano akasogea. Kulikuwa na mengi. Kwamba mama yake amekufa. Kwamba nyumba haipo. Kwamba baba yake anaishi kwenye mstari. Ni lipi la kumpa mtu wa kupita alipeleke, amkute mtoto barabarani na ndoo ya lami? Treni ikavuta, ikashtuka, ikaondoka, na yeye bado yuko kwenye kuchagua neno. Mkono wa Letisia ukapunga mpaka kwenye kona.

Aliporudi aliwakuta wameuweka mti shimoni. Wamekata zile kamba za migomba, wameitandaza mizizi vizuri, Simoni ameushika wima kwa mikono miwili. Udongo hawakuufukia. Walimwachia yeye. Damiano akapiga magoti akafukia kwa mikono, akishindilia kidogo kidogo, na Mwinshehe akaleta maji ya kuoshea vikombe akayamimina yote. Mti ukasimama ubavuni pa taruma, mweusi, mbaya, kama ufagio uliochakaa. Mtu yeyote angeupita.

— Siku nisipokuwepo, akasema Damiano, Oswald akishuka, mwambieni ni wake. Mimi sikumwambia. Mwambieni nyinyi.

— Tutamwambia, akasema Mwinshehe.

— Tutamjuaje? akauliza Simoni. Sisi hatujawahi kumwona.

Damiano akajaribu kumweleza. Mrefu. Si mrefu sana. Mweusi wa kawaida. Alipoondoka alikuwa hana ndevu, sasa labda anazo. Akaona anaeleza vijana wote wa wilaya, akaacha.

Lupakisyo akakung'uta sururu.

— Tutamwambia kila anayeshuka, akasema.

Wakamtazama kama kawaida yao wanavyomtazama, wakisubiri Tukuyu. Haikuja. Alikuwa amesema alivyosema.

Treni iliyofuata ilipofika, Damiano alikuwa Chanzuru kwenye shamba la kijiji, ameinama na wenzake, na upepo ukamletea mlio wake kutoka mjini. Akanyanyuka, akasikiliza mpaka msimamizi akamwita jina. Pale stesheni Lupakisyo alikuwa ameshasimama njiani. Akamzuia kijana wa kwanza aliyeshuka, mgeni kabisa, sanduku la bati kichwani.

— Ndugu, samahani. Unauona mti ule pale kwenye kahawa? Ule ni wako.

Kijana akautazama ule mti uliokauka, akamtazama mzee, akasema ahsante, mzee, akaenda zake. Lupakisyo akamgeukia wa pili.